Kijiko Kimoja cha Mafuta Ndani ya Kondishena

Maswali ya wasomaji kuhusu nywele, yanajibiwa na msusi wa Ngamiani, Tanga

Toleo lililopita niligusia hapa, kwa mistari miwili tu, kwamba mafuta ya asili yakichanganywa na kondishena hulainisha nywele kuliko yakipakwa yenyewe. Mistari miwili haikutosha, na kosa ni langu. Barua zimefika hadi saluni, nyingine zimeandikwa kwenye karatasi za daftari. Wapo waliofurahi, wapo walioharibu chupa nzima ya kondishena, na mmoja amejiunguza ngozi ya kichwa. Nimechukua saba. Ya kwanza naijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 24, naishi Mbagala. Mwaka jana nilikata nywele zangu zote zenye dawa nikaanza upya na za asili. Kila asubuhi napaka mafuta ya nazi, jioni napaka ya nyonyo, lakini nywele ni kavu, nikichana zinakatika. Niliposoma ulichoandika nikamimina mafuta ya nazi kwenye chupa ya kondishena hadi juu, nikatikisa. Wiki ya kwanza nilipenda. Sasa chupa inanuka na mafuta yameelea. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Umekosea mahali pawili. Tuanze na asubuhi.

Unapaka mafuta kwenye nywele kavu. Mafuta hayana maji ndani yake, hata tone. Nywele hulainika kwa maji. Kazi ya mafuta ni kuyachelewesha maji yasitoke upesi. Ukipaka mafuta kabla ya maji umefunga mlango mgeni akiwa bado yuko nje, na jioni ukipaka tena nyonyo unaongeza komeo.

Bibi yangu kule Pangani alilijua hili. Alikuna nazi kwenye mbuzi, akakamua tui kwa kifumbu, akalibandika kwa moto mdogo mpaka mafuta yakajitenga na kile cheupe kikageuka hudhurungi chini ya sufuria. Nyumba nzima ilinukia. Lakini hakutupaka mafuta yale mpaka tuwe tumetoka kuoga, nywele bado zinadondoka. Alitukausha kidogo kwa kanga kuukuu, akachovya ncha za vidole tu, akasugua viganja, ndipo akatupitishia kichwani. Mimi nilipofungua saluni miaka ya tisini nikauacha utaratibu wake. Nilipaka wateja mafuta kwenye nywele kavu kwa sababu zinang'aa papo hapo na mteja anatoka amefurahi. Wiki tatu baadaye alirudi zimekatika kisogoni. Ilinichukua miaka kuoanisha mambo hayo mawili, na wale wanawake bado nawakumbuka kwa sura.

Sasa nikueleze kinachotokea. Tazama paa la makuti lilivyoezekwa, kila kuti limelalia jingine. Unywele nao una ganda la nje lililopangwa hivyohivyo, kutoka shinani kwenda nchani. Likilala vizuri, nywele zinateleza na maji hayatoki ovyo. Sabuni ya kufulia, dawa ya kunyoosha, draya ya moto mkali na kitana cha meno membamba huyainua yale makuti. Paa likishafumuka, nywele hulowa haraka na kukauka haraka. Halafu kuna umbo la nywele zetu za kipilipili. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteremka bila shida kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye unywele uliojisokota hukwama njiani. Ncha zinabaki bila chochote, na ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote, iliyochanwa na kusukwa mara nyingi zaidi.

Kondishena inaingia hapo. Sehemu yake kubwa ni maji. Ndani yake mna mafuta mazito kama nta, yale yanayoitwa setili na setearili. Yana neno alkoholi kwenye jina lakini si spiriti ya kukausha, msiyaogope. Mna pia kemikali zenye chaji chanya ya umeme. Nywele zilizooshwa zina chaji hasi, na pale palipoumia zaidi ndipo chaji hiyo inapozidi, kwa hiyo kondishena hushika zaidi penye jeraha. Hulaza makuti na kupunguza msuguano wa kitana. Ukiongeza mafuta kidogo, na nywele zako zikiwa tayari zimelowa, maji yanakuwa yameshaingia na mafuta yanakaa juu yake kuyachelewesha. Ndiyo faida yenyewe ya mchanganyiko huu, wala haina uchawi.

Mafuta gani? Kwangu mimi ya nazi yanatangulia, na si kwa sababu nimezaliwa mnazini. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yatokanayo na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza sana protini inayopotea kwenye nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Walikuwa waajiriwa wa kampuni ya mafuta ya nazi, nasema ili mjue, lakini sababu waliyoitoa inaeleweka: karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo ni ndogo na imenyooka, hivyo hupenya hadi ndani ya unywele. Mafuta mengine mengi hayapenyi kiasi hicho. Hata hivyo ninao wateja ambao nazi huwafanya nywele ngumu kama ufagio wa chelewa. Hao nawapa ya parachichi au ya ufuta, na hatubishani na kichwa cha mtu.

Fanya hivi Jumamosi. Nusu saa kabla ya kuosha, lowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu na upake mafuta ya nazi kidogo kwenye ncha. Osha kwa shampuu, vidole vikisugua ngozi tu. Povu linaloshuka linatosha kwa nywele. Kamua maji kwa mikono, usisugue kwa taulo. Kisha kwenye bakuli weka vijiko vitatu vya chakula vya kondishena na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Nimesema cha chai. Koroga hadi usione mafuta. Gawanya nywele mafungu manne, paka kuanzia nchani ukipanda, ukiachia upana wa vidole viwili kabla ya ngozi. Chambua kwa vidole kwanza, chanuo la meno mapana baadaye. Funika kichwa. Zamani tulifunika kwa mfuko wa rambo. Tangu mifuko ile ilipopigwa marufuku Juni 2019 nanunua kofia za plastiki za kuogea, nazo huoshwa na kutumika tena. Juu yake funga taulo lililokamuliwa kwenye maji ya moto, ndiyo stimingi ya nyumbani. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Usilale nayo, nywele zinazovimba kwa maji usiku kucha hudhoofika. Suuza kwa maji ya kawaida, na nywele zikiwa bado mbichi pitisha matone machache ya mafuta, uzisuke mabutu, uziache zikauke zenyewe.

Kati ya Jumamosi na Jumamosi, ukihisi ukavu, nyunyiza maji kwanza. Kisha mafuta, kama bado unayahitaji.

Sasa kosa la pili, la chupa. Itupe, usione uchungu. Kondishena imewekewa kizuia kuoza kilichopimwa kwa ujazo ule na kwa vitu vilivyomo mle. Ulipojaza mafuta hadi juu, ulizidisha kuliko inavyoweza kushika, ndiyo maana yameelea. Maji ya bafuni yameingia, vidole vimeingia, na mafuta yenyewe yameanza kuchacha. Changanya kwenye bakuli, kiasi cha siku hiyo tu, na kinachobaki usikirudishe chupani. Wanaoongeza parachichi bichi, asali au yai wasilaze mchanganyiko hata usiku mmoja. Yai lenyewe silipendi: ukisuuza kwa maji ya moto linaiva kichwani, na nimekaa na mteja saa nzima nikimtoa vipande vya yai.

Nyonyo nayo ipunguze. Ni nzito kwa sababu karibu asilimia 90 yake ni asidi moja, risinoleiki. Sijaona ushahidi kwamba inakuza nywele, ijapokuwa kila muuza vipodozi anasema hivyo. Inang'arisha na inashika maji, basi. Ukiitumia, sehemu moja ya nyonyo kwa sehemu tatu za nazi. Mwaka juzi aliletwa binti aliyejimiminia chupa nzima kwenye nywele kavu ndefu, akazifikicha kichwani kama anafua. Nywele ziligandamana zikawa kitu kimoja kigumu kama mkeka. Mimi na msaidizi wangu tulishinda naye kutwa, kondishena na vidole, tukaokoa nusu. Nusu tulikata, naye akalia, nami nikalia.

Jambo la mwisho kwako: maji yako ni ya bomba au ya kisima? Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri, na madini hubaki juu ya unywele ukawa mkakamavu hata ufanye yote niliyosema. Kinga maji ya mvua, au tenga lita mbili za maji ya bomba kwa ajili ya kusuuzia mwisho tu.

Habari za kazi dada. Mimi ni seremala hapa Singida. Mke wangu yuko masomoni kwa mwaka mmoja na nimebaki na binti yetu wa miaka 7. Shule yake inaruhusu kusuka. Kila nikishika kitana analia hata kabla sijamgusa. Nyumbani kuna mafuta ya alizeti ya kupikia. Yanafaa? Naona aibu kumpeleka saluni kila wiki kama siwezi kumlea mwanangu.

Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mafuta ya alizeti yanafaa kabisa, na Singida mnayakamua wenyewe. Hayapenyi ndani kama ya nazi, ila yanateleza, na wewe unachohitaji kwa sasa ni utelezi ili mtoto asiumie. Chukua yaliyochujwa safi, yasiyo na harufu ya kukaangia.

Binti yako analia kwa kumbukumbu. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usishike kitana kabisa mbele yake. Mkalishe kwenye kigoda katikati ya magoti yako, mpe kitu cha kufanya kwa mikono, hata vipande vya mbao avipige msasa kama anapenda kazi yako. Lowesha nywele mpaka zitote. Zigawe mafungu manne, matatu yabane. Kwenye bakuli weka vijiko viwili vya kondishena na nusu kijiko cha chai cha alizeti. Paka fungu moja, kisha chambua mafundo kwa vidole, ukianzia nchani. Shika nywele kwa mkono wa kushoto kati ya fundo na ngozi ya kichwa. Mvuto utaishia mkononi mwako, hautafika kichwani kwake. Siri ya wasusi wazuri iko hapo, na mikono iliyozoea randa ina utulivu unaotakiwa. Fungu likishateleza lote, lisuke butu, ndipo ufungue la pili.

Wakati wa kusuuza mlaze chali, kichwa kikining'inia juu ya beseni, kitambaa kikavu machoni. Mtoto akiingiwa na povu machoni mara moja tu, mtarudi mlikotoka.

Chanuo la meno mapana lilete wiki ya tatu, na umwache yeye mwenyewe aanze kulipitisha.

Ukimpeleka kusukwa, angalia mistari ya mbele na ya masikioni. Vikitokea vipele vidogo vyeupe kwenye mizizi, au akisema kinauma na hawezi kulalia, fumua usiku uleule, hata kama umelipa. Nywele za pembeni zikivutwa miaka kwa miaka huacha kuota, na hakuna mafuta yatakayozirudisha. Kuna akina mama wa miaka 30 wanaokuja kwangu na nywele za kipaji cha uso zilizorudi nyuma kwa sababu ya misuko ya utotoni.

Kumpeleka saluni si aibu. Lakini baada ya mwezi utakuwa huhitaji, na mama yake akirudi atamkuta na nywele nzuri kuliko alizoziacha.

Assalaam alaykum bibi. Mimi ni wa Chake Chake. Kwetu mafuta ya karafuu ni mengi, nikasema na mimi niweke kwenye kondishena kwa kuwa ni ya asili. Niliweka kijiko kizima. Kichwa kiliwaka moto, sasa ngozi imebabuka nyuma ya masikio. Nini nilikosea, maana nazi ni mafuta na karafuu ni mafuta?

Waalaykum salaam mwanangu, pole sana. Neno ni moja lakini vitu ni viwili. Mafuta ya nazi, ufuta, alizeti hukamuliwa, nayo ni mafuta ya kula. Mafuta ya karafuu na ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kama yale ya kiwanda cha Wawi hapo kwenu, hutolewa kwa mvuke. Ni makali, na sehemu kubwa ni ujenoli, ile inayotia ganzi jino. Ndiyo hiyo iliyokuunguza. Ya mchaichai na ya mkaratusi ni ndugu zake. Usipime kwa kijiko kitu kinachouzwa kwenye kichupa cha matone.

Kwa sasa osha kwa maji mengi ya baridi, usipake chochote kinachonukia, na pakitoa maji au usaha nenda hospitali, usingoje. Kikipona, kama harufu ya karafuu unaipenda, na mimi naipenda, tia chembe kumi za karafuu kavu kwenye kikombe cha mafuta ya nazi, uyaache juani siku chache, uyachuje. Jaribu kwanza nyuma ya kiwiko kwa siku nzima. Ngozi iliyoungua mara moja huweza kuikataa karafuu daima. Ikiwasha, achana nayo.

Dada, mimi niko Kigoma. Nina mba sugu. Nimepaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kila siku nikidhani ngozi ni kavu, mba unazidi. Nikichanganya na kondishena utaisha?

Hautaisha, utanenepa. Mba kwa kawaida hautokani na ukavu. Kuna fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, na chakula chao ni mafuta. Wakizidi, ngozi huwashwa na kumenyuka. Kila siku ulikuwa unawapelekea sahani.

Tafuta shampuu yenye ketokonazo duka la dawa. Osha mara mbili kwa wiki, liache povu kichwani dakika tano kabla ya kusuuza, endelea hivyo wiki nne. Nywele zako bado zina haki ya mchanganyiko wetu, na mise ni mazuri kwake kwa kuwa nayo yana asidi ya lauriki kwa wingi, lakini paka nywele peke yake, mbali na ngozi. Mawese mekundu usitumie. Hayana ubaya mkubwa, ila mto na kola za nguo zitageuka rangi.

Ukiona mabaka ya mviringo yenye nywele zilizokatika, hasa kwa watoto wa nyumbani, hayo ni mapunye. Yanahitaji vidonge vya daktari, na chanuo lisishirikiwe.

Shikamoo mama. Nimejifungua miezi minne iliyopita, niko Morogoro. Nywele zinatoka konzi kwa konzi. Mama mkwe ananiambia ni kwa sababu sipaki mafuta ya mlonge. Nimeanza kuyachanganya na kondishena lakini bado zinatoka. Naogopa nitabaki kipara.

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Hutabaki kipara. Ulipokuwa mjamzito homoni zilizizuia nywele zisitoke kama kawaida yake. Ndiyo maana wengi hupendeza nywele wakiwa na mimba. Ukishajifungua, zile zilizongoja hutoka kwa pamoja, mara nyingi kuanzia mwezi wa tatu hivi. Kwa wengi hali hutulia kabla mtoto hajatimiza mwaka. Hakuna mafuta yanayoizuia, si ya mlonge wala mengine.

Chukua unywele uliotoka uutazame kwenye mwanga. Ukiwa na kidoto cheupe upande mmoja, umetoka na mzizi wake, ni ule wa uzazi, mwenzake ataota. Ukiwa mfupi na hauna kidoto, huo umekatika, na hapo kondishena na mafuta vina kazi ya kufanya. Kwa hiyo endelea mara moja kwa wiki, na mama mkwe mwambie mlonge unautumia, maana ni kweli. Mwache akupake mwenyewe siku moja. Akikaa nyuma yako na kichwa chako mikononi, mtaongea mengine pia.

Zikiendelea kutoka baada ya mwaka, au ukijisikia mchovu usio wa kawaida na kizunguzungu, kapime damu. Upungufu wa madini ya chuma baada ya kujifungua ni jambo linalotibika.

Shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne, sasa naruhusiwa kufuga nywele. Zina sentimita 2. Kondishena na mafuta vinafaa kwa nywele fupi hivi, au ningoje zikue?

Marahaba. Usingoje, maana ncha za mwakani ndizo hizi ulizonazo leo. Kijiko kimoja cha chakula cha kondishena na matone manne au matano ya mafuta, dakika kumi, umemaliza. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Kwa kuwa zinajisokota, macho yako yataona nusu yake, na hapo ndipo wasichana wengi hukata tamaa wakakimbilia dawa. Vuta unywele mmoja uunyooshe kando ya rula kila baada ya miezi mitatu. Utashangaa.

Dada, niko Lushoto. Mafuta yangu ya nazi niliyoyanunua Tanga yamekuwa meupe na magumu kama samli tangu mwezi wa sita. Yameharibika? Nikiyatia kwenye kondishena yanabaki punje punje kichwani, watu wanadhani ni chawa.

Hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lushoto, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba huwa chini ya hapo usiku na asubuhi. Hapa Tanga tunayaona maji karibu mwaka mzima, ndiyo maana muuzaji hakukuambia. Yaliyoharibika utayajua kwa harufu kali ya kuchacha.

Punje zinatokana na kuyatia yakiwa baridi kwenye kondishena baridi. Chota kijiko chako cha chai ukiweke kwenye kikombe kidogo, simamisha kikombe hicho ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka mafuta yawe kama maji. Chupa ya kondishena nayo isimamishe humo dakika mbili, ikiwa imefungwa. Changanya, paka papo hapo, na usuuze kwa maji ya uvuguvugu, si ya baridi, la sivyo yatagandia kwenye nywele kabla hayajaondoka. Au kwa miezi hii ya baridi tumia ya parachichi, ambayo hayagandi upesi hivyo.